Kuingiza Kazi katika Foleni ya Wingu: Ufafanuzi wa Dhana na Istilahi

1.0 Utangulizi

Neno foleni limekwisha kukita mizizi katika Kiswahili. Hutumika kwa watu wanaongoja benki, kwa magari yaliyokwama barabarani na kwa ndoo zilizopangwa kisimani. Katika matumizi ya kawaida msemaji huwa na mambo matatu akilini. Kwanza, atanguliaye kufika ndiye atanguliaye kuhudumiwa. Pili, aliyefika dirishani ametoka katika foleni. Tatu, aliyesimama mara moja huhudumiwa mara moja.

Wataalamu wa kompyuta wamelichukua neno hili kutaja mahali ambapo programu moja huweka kazi ili programu nyingine ije kuzifanya. Makala haya yanaeleza jinsi kazi inavyoingizwa katika foleni ya namna hiyo kwa msimbo wa programu, na yanadai kwamba katika foleni hiyo hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu linaloweza kutegemewa bila masharti. Suala hili si la istilahi tu. Mwandishi wa programu anayelitegemea neno kwa maana yake ya mtaani aweza kuvuruga hesabu za fedha za watu.

Ufafanuzi wetu utajikita katika huduma moja, Amazon SQS, ambayo kampuni ya Amazon ya Marekani iliitangaza mwaka 2004 na kuifungua kwa matumizi ya jumla mwaka 2006. Tumeichagua kwa kuwa ni kongwe na kanuni zake zimeelezwa bayana.

2.0 Haja ya Foleni

Tuchukue mfano wa kubuni. Chuo kinapokea ada kwa njia ya simu. Kila malipo yanapofika, programu ya mapokezi inapaswa kuongeza kiasi katika hesabu ya mwanafunzi, kuandaa risiti na kumpelekea mwanafunzi taarifa. Ikiwa programu hiyo itayafanya yote papo hapo, mlipaji atangoja. Na siku ya mwisho ya kulipa, maelfu watakapolipa kwa pamoja, programu itaelemewa.

Foleni hutenganisha kupokea na kutenda. Programu ya mapokezi, ambayo tutaiita mtumaji, huandika maelezo ya kazi, huyakabidhi kwa foleni, kisha hurudi kupokea malipo mengine. Programu nyingine, ambazo tutaziita watendaji, huzichukua kazi hizo kwa kadiri ya uwezo wao. Foleni yenyewe imo katika kile kiitwacho wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti na kulipiwa kwa kadiri zinavyotumika.

3.0 Namna ya Kuingiza Kazi

Mtumaji huhitaji vitu vitatu: kibali cha kuitumia foleni, anwani ya foleni, na maelezo ya kazi yaliyoandikwa kama matini. Katika lugha ya Python, kiini cha msimbo ni hiki:

(1) kazi = '{"tendo": "ongeza_ada", "muamala": "M-4071", "kiasi": 400000}'
foleni = boto3.client("sqs")
jibu = foleni.send_message(QueueUrl=anwani, MessageBody=kazi)

Mstari wa kwanza unaieleza kazi, wa pili unafungua njia ya kuifikia huduma, na wa tatu unaikabidhi kazi. Izingatiwe kwamba hakuna fedha iliyoongezwa popote. Kilichopelekwa ni maelezo ya kazi, wala si kazi yenyewe. Jibu linalorudi lina namba ya utambulisho wa ujumbe, nayo ni sawa na stakabadhi ya posta: inathibitisha kwamba barua imepokelewa kaunta, lakini haithibitishi kwamba imesomwa.

Kazi zikiwa nyingi, mtumaji aweza kukabidhi hadi 10 kwa mkupuo mmoja. Hapa pana mtego. Huduma hutoa jibu kwa kila kazi peke yake, hivyo baadhi zaweza kukubaliwa na nyingine kukataliwa ilhali mkupuo wenyewe umepokelewa bila kosa. Msimbo usiokagua orodha ya zilizokataliwa utazipoteza kimyakimya.

4.0 Mambo Ambayo Neno Halisemi

4.1 Kuchukuliwa si kuondolewa

Mtendaji anapoichukua kazi, foleni haiifuti, bali huificha ili watendaji wengine wasiione kwa muda. Muda huo, usipobadilishwa, ni sekunde 30, na waweza kurefushwa hadi saa 12. Mtendaji akimaliza, hana budi kutoa amri ya kuifuta. Asipofanya hivyo kabla ya muda kwisha, kazi hujitokeza tena.

Utaratibu huu una hekima yake. Mtendaji akizimika katikati ya kazi, kazi haipotei pamoja naye. Lakini tuseme mtendaji hakuzimika, ila ametumia sekunde 40 kwa sababu mtandao ulikuwa mzito. Katika sekunde ya 30 mtendaji wa pili huichukua kazi ile ile. Wote wawili huongeza shilingi 400,000, na hesabu ya mwanafunzi husoma 800,000.

4.2 Kuingizwa mara moja si kufika mara moja

Foleni ya kawaida ya SQS huahidi kuufikisha ujumbe angalau mara moja. Haiahidi kwamba hautafika mara mbili. Nakala za kila ujumbe huhifadhiwa katika kompyuta kadhaa, na mojawapo ikiwa haifikiki wakati wa kufuta, nakala yake yaweza kutolewa tena baadaye. Aidha, mtumaji mwenyewe huweza kusababisha marudio: akituma kazi na mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, hawezi kujua kama ilipokelewa. Asipotuma tena huenda akaipoteza. Akituma tena huenda akairudufu.

4.3 Kutangulia kuingia si kutangulia kutoka

Foleni ya kawaida hujitahidi kuufuata mpangilio wa kuingia, lakini haiuahidi. Mwaka 2016 Amazon iliongeza aina nyingine ya foleni, inayolinda mpangilio na kuzuia kazi yenye alama ile ile isiingie tena ndani ya dakika 5. Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka: kazi iliyotumwa upya katika dakika ya sita huhesabiwa kuwa mpya, na mtendaji aliyechelewa kufuta bado ataiona kazi ikirudi.

5.0 Wajibu wa Mwandishi wa Programu

Kutokana na hayo, suluhisho halipaswi kutafutwa katika foleni peke yake. Kazi iandikwe kwa namna ambayo kurudiwa kwake hakudhuru. Katika mfano (1) tuliweka namba ya muamala, M-4071, kwa makusudi. Namba hiyo hutokana na malipo yenyewe, hivyo haibadiliki hata ujumbe ukitumwa mara tano. Kabla ya kuongeza kiasi, mtendaji hutazama daftari la miamala. Akiikuta namba, huifuta kazi na kuendelea. Asipoikuta, huongeza kiasi na kuandika namba kwa tendo moja lisilogawanyika, yaani ama yote mawili yafanyike, ama lisifanyike hata moja. Yakitenganishwa, ajali inayotokea katikati yake itarudisha tatizo lile lile.

Hali kadhalika, kazi yenye kasoro isiachwe irudi bila kikomo. Huduma huruhusu kuweka idadi ya majaribio, na baada ya hapo kazi huhamishiwa foleni ya pembeni ili mtu aichunguze. Tahadhari ichukuliwe, kwani ujumbe usiofutwa hukaa siku 4 tu, au hadi 14 ukiombewa muda zaidi, kisha hufutwa na huduma yenyewe.

6.0 Hitimisho

Je, neno foleni liachwe? Hatuoni sababu. Limezoeleka, na linabeba vyema wazo la kungoja. Tunachopendekeza ni kwamba waandishi wa vitabu vya kompyuta walifafanue kwa istilahi saidizi: kukabidhi kazi kwa tendo la mtumaji, muda wa kufichwa kwa kipindi baada ya kazi kuchukuliwa, kufuta kwa tendo la kumalizia, na foleni ya kazi zilizoshindikana kwa ile ya pembeni. Mwanafunzi akiyapata maneno haya manne pamoja na neno foleni, hatadhani kwamba kazi aliyoikabidhi imekwisha kufanyika, wala kwamba itafanyika mara moja tu.