Teria Hunyonyolewa, Hanyolewi

Umoja, Nairobi, ulijengwa katika miaka ya 1970 ukiwa mtaa wa nyumba za chini zenye ua. Leo ua mwingi umemezwa na maghorofa, na mbwa anayetoshea katika nyumba ya vyumba viwili ni yule mdogo: wa manyoya marefu, au teria, au chotara ambaye babake hajulikani. Donholm, Komarock na sehemu za Buruburu hali si tofauti sana. Manyoya yakishafungana mafundo na kutapakaa kwenye makochi, wazo la kwanza huwa mashine ya kinyozi: mbwa anapitishwa kipara, mambo kwisha. Kwa mbwa wa manyoya laini si kosa kubwa, mradi asinyolewe hadi ngozi. Lakini kwa teria wa manyoya magumu, yale makavu yanayokwaruza kiganja, mashine humharibia alichozaliwa nacho. Manyoya yake yanataka kunyonyolewa kwa vidole, na kazi hiyo inaweza kufanyika nyumbani bila chombo chochote cha bei.

Sababu iko katika jinsi manyoya yenyewe yanavyokua. Teria wa namna hii, kama Border, Cairn au Jack Russell wa manyoya magumu, walifugwa Uingereza na Uskoti ili waingie mashimoni kufukuza mbweha na panya, penye miiba, matope na mvua. Wana matabaka mawili: la chini laini linalotunza joto, na la juu gumu linalozuia maji na uchafu. Unywele wa juu hukua hadi urefu wake, ukakoma kulishwa, ukafa, kisha ukabaki umekaa kilegevu katika kinyweleo chake. Ni mnene na wenye rangi iliyokolea kuelekea ncha, mwembamba na uliofifia kuelekea ngozi. Ukiukata, unaondoa ile sehemu yenye nguvu na kuacha kisiki kilichokufa kikiziba nafasi ya unywele mpya. Anayelima sukuma wiki kwenye gunia anaifahamu kanuni hii: jani lililokomaa hubanduliwa penye shina ili changa lipate nafasi, halikatwi katikati. Teria akinyolewa mara kadhaa, tabaka laini ndilo hutawala. Rangi hufifia, manyoya huwa kama ya sufi, hushika maji na matope, na kufungana kwa urahisi kuliko mwanzo. Yaani mwenye mbwa alinyoa ili apunguze kazi, akajiongezea.

Msomaji wa Kayole atauliza hayo yanamhusu nini, maana mbwa wake hana cheti cha ukoo na hatapelekwa kamwe kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club. Yanamhusu, kwa sababu manyoya hayasomi vyeti. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima zaidi ya mbwa 1,000 wa aina 80, ukaonyesha kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa wa ukoo safi. Mojawapo, iitwayo RSPO2, ndiyo inayoleta masharubu, ndevu na nyusi ndefu. Ikikutana na jeni ya manyoya mafupi, hutoa manyoya magumu ya teria. Ikikutana na ile ya manyoya marefu, ndevu hubaki lakini mwili huwa laini. Kwa hiyo chotara mwenye ndevu ni wa kuchunguzwa kwa mkono kabla ya kuamuliwa. Mgongo ukiwa mkavu na mgumu, mnyonyoe. Ukiwa laini kama wa Maltese au Yorkshire, vidole vyako visithubutu. Huyo ni wa chanuo na mkasi.

Pingamizi zito zaidi ni la maumivu. Kung'oa nywele za kiumbe kunasikika kama mateso, na anayeshtuka akisikia habari hii ana haki ya kushtuka. Jibu liko katika ule unywele uliokwisha kufa: haujashikiliwa sana, na hutoka bila kuivuta ngozi. Shika nywele chache tu za mgongoni karibu na ncha, kwa kidole gumba na cha shahada, mkono wa pili ukiituliza ngozi, kisha vuta kufuata upande zinakolalia. Zikitoka bila ubishi, wakati umefika. Ngozi ikiinuka pamoja nazo, au mbwa akigeuka kukutazama, bado. Rudi baada ya wiki mbili. Manyoya ya utoto kwa kawaida huanza kulegea mbwa akiwa na miezi minne hadi sita, na huo ndio umri wa kumzoesha: dakika tano, kipande kidogo, kipande cha nyama mwishoni. Chaki ya shuleni iliyosagwa, au glavu za mpira za kuoshea vyombo, husaidia vidole visiteleze. Usimwogeshe kwanza, kwa kuwa manyoya yaliyotoka kuoshwa huteleza. Tumboni, sehemu za siri na kooni, penye ngozi nyembamba, tumia mkasi. Vipo pia visu maalumu vya kazi hii, ila kisu kikianza kukata badala ya kushika, umerudia kunyoa kwa mlango wa nyuma.

Wengine watasema mbwa ni wa kulinda, urembo ni wa watu wa mitaa ya kitajiri kama Karen. Hoja hii ingesimama kama suala lingekuwa urembo. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia mbaya kwa watu wa fleti: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba, akijificha katika nyufa za ukuta na pembeni mwa kitanda cha mbwa. Huyo ndiye anayeeneza bakteria wa ehrlichia, wanaoleta ugonjwa unaoangusha chembe za damu na kumtoa mbwa damu puani. Katika vitabu vya udaktari wa mifugo ugonjwa huo umewahi hata kuitwa kwa jina la Nairobi. Dawa ya kupe ya agroveti haikwepeki. Lakini mtu anayepitisha vidole kwenye ngozi ya mbwa wake kila wiki humwona kupe, uvimbe au kidonda mapema sana kuliko anayemwona kwa mbali akibweka getini.

Hoja ya joto, kwamba mbwa hunyolewa ili apoe, pia ina udhaifu wake. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na manyoya humkinga na jua kama yanavyomkinga na baridi. Nairobi iko karibu na ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari: jua la Februari huchoma ngozi iliyo wazi, na asubuhi za Julai zina baridi ya kutosha kumfanya mbwa wa kipara atetemeke kwenye sakafu ya saruji.

Muda ndio gharama yenyewe, na hapo sina ubishi. Kumnyonyoa teria mzima kwa mkupuo mmoja ni kazi ya saa nyingi, na manyoya mapya huchukua miezi miwili hadi mitatu kufunika. Wanaofanya kidogo kidogo kila wiki hawaoni uzito huo, kwani mbwa huwa na manyoya ya umri mbalimbali wakati wote. Wapo hata hivyo teria waliohasiwa ambao manyoya yao hugeuka kuwa ya sufi na kukataa kutoka, na wazee ambao ngozi yao haivumilii tena. Hao wanyolewe bila aibu, kwa mashine iliyowekewa kitana kirefu na isiyotumika kwenye kichwa cha mtu yeyote.