Wazee Wakikutana: Funzo la Hai kwa Majengo ya Mpanda

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, ambao ndio kwanza ulikuwa umemegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,152,958. Ongezeko hilo, zaidi ya maradufu katika miaka kumi, lina uzito wake kwa mkazi wa kata ya Majengo, Manispaa ya Mpanda, aliyekwisha kutimiza miaka sabini. Mji alioujua, mji wa reli ya tawi kutoka Kaliua na wa machimbo ya risasi, umejaa sura ngeni. Rika lake linapungua kila mwaka, watoto wako mbali wakitafuta maisha, na huenda siku nzima ikapita pasipo mtu wa kuzungumza naye ila mjukuu anayeulizia chakula. Zamani upweke wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa huzuni ya kawaida ya uzee. Elimu ya tiba ya leo inauhesabu miongoni mwa visababishi vya maradhi.

Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu, lugha na uamuzi. Ilikadiria kuwa mambo hayo yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Katika orodha hiyo kumo kukosa elimu utotoni, upungufu wa kusikia, macho yasiyotibiwa, shinikizo la damu, kisukari, sonona, kutoushughulisha mwili, na kutengwa na watu. Mganga wa zahanati haoni hapo jambo lolote geni. Ni wagonjwa wake wa kila siku. Ila amezoea kuwatazama mmoja mmoja, kila tatizo na daftari lake.

Magharibi mwa Tanzania na katika mikoa ya Ziwa, demensia isiyotambuliwa ina hatari nyingine ambayo haimo katika orodha ya kamisheni yoyote. Bibi mwenye ugonjwa huu huweza kutoka usiku akiitafuta nyumba aliyozaliwa, akaingia uani kwa jirani, akazungumza na ndugu waliokwisha kufa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Wapo wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ndiyo ushahidi. Kwa hiyo jina sahihi la ugonjwa, likitamkwa mapema mbele ya familia na mwenyekiti wa mtaa, lina kazi kubwa kuliko kujaza kadi ya mgonjwa.

Mfano ulio karibu zaidi wa nini kinaweza kufanyika hautoki Ulaya, bali Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2010 ulionyesha kuwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Baadaye watafiti wa Tanzania na Uingereza walijaribu huko tiba ya kuchangamsha akili katika vikundi. Tiba hiyo ilibuniwa Uingereza, na jaribio lake kubwa la kwanza lilichapishwa mwaka 2003. Haina kidonge wala mashine. Wazee wachache hukutana mara mbili kwa wiki kwa wiki saba, vikao 14 kwa jumla, na kila kikao kina mada yake: michezo, sauti, utoto, chakula, habari za siku, fedha, kazi za mikono.

Kuileta Tanzania kama ilivyo kusingewezekana, kwa kuwa mazoezi mengi yalidhani kwamba mshiriki anasoma na kuandika. Wataalamu wa Tanzania na Nigeria waliyageuza yawafae watu ambao hawakupata shule, na wenye macho na masikio yaliyochoka. Matokeo ya Hai yalichapishwa mwaka 2017. Washiriki 34 walionyesha nafuu katika uwezo wa akili, katika wasiwasi na katika tabia zinazosumbua familia. Ubora wa maisha nao uliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, na ugonjwa wenyewe haukuponywa. Hata hivyo, ni dawa chache za demensia zinazoweza kujivunia zaidi ya hayo, na nyingi kati yake hazipatikani Mpanda.

Siri ya vikao hivyo, ikiwa ipo, iko katika namna ya kuuliza. Mzee haulizwi, “Leo ni tarehe ngapi?” Swali hilo lina jibu moja tu, na akilikosa ameaibika mbele ya wenzake. Huulizwa maoni yake. Zikitandikwa kanga mbili mkekani, ataulizwa ipi ingemfaa bibi harusi na kwa nini. Likisomwa jambo la habari za asubuhi, ataulizwa yeye angeamuaje. Maoni hayakosewi. Mhudumu aliyezoea kuwahoji wagonjwa itambidi ajifunze upya hapa, na pengine jambo hili ni gumu kuliko yote yaliyomo katika mpango mzima.

Majengo haihitaji jengo jipya ili ianze. Ukumbi wa ofisi ya kata, chumba cha mafunzo cha zahanati, hata kivuli cha mwembe chafaa, mradi mahali pawe palepale na saa iwe ileile, kwa maana akili inayosahau hushikilia mazoea. Watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, asiyesikia vizuri atabaki nje ya mazungumzo huku amekaa ndani. Kikundi hujichagulia jina na wimbo wa kufungulia. Bao linafaa sana, maana linahesabu na kupanga pasipo kalamu. Vitendawili, kusuka ukili, na kulinganisha bei ya kilo ya sukari ya zamani na ya leo vinafaa vilevile. Kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa, kwa kufuata ngoma, huimarisha mapaja na kupunguza hatari ya kuanguka.

Wala wazee wa leo si wageni wa kusoma wakiwa kikundi. Waliozaliwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 walikuwa vijana mwaka 1973, ilipoendeshwa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza matangazo, wakajadili malaria, kichocho na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kumwambia mtu wa rika hilo kwamba ataletewa “elimu ya afya” kana kwamba ni jambo jipya ni kutomheshimu. Afadhali aombwe asimulie kikundi chao kilivyokuwa. Simulizi hiyo tayari ni kikao kimoja kizima.

Mhudumu wa afya atakayehudhuria ana nafasi ya kupima shinikizo la damu na sukari, kutazama nyayo za wenye kisukari, kusafisha nta ya masikio, na kuwapeleka wenye mtoto wa jicho kwa daktari wa macho. Huduma bila malipo kwa wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi imo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na kikao ni mahali pazuri pa kumwelekeza mzee kwenye dirisha lake. Lakini kuna mgonjwa mmoja ambaye kikao si mahali pake. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, na leo amechanganyikiwa, hana demensia hadi ithibitike vinginevyo. Huenda ni malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, kiharusi, au dawa mpya aliyopewa wiki iliyopita. Huyo apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Kwa waliobaki, wiki saba zikiisha kikundi kisivunjwe. Uingereza kwenyewe vikao huendelezwa mara moja kwa wiki, na binti au mkwe anayemlea mzee hupata kwa saa hiyo moja nafasi ya kwenda sokoni bila kufunga mlango kwa kufuli.