Kaftan ya Wasomali wa ughaibuni na mipaka ya maskhara

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewaumba wanadamu kutokana na mume na mke, kisha akazifanya ndimi zao na rangi zao zikhitalifiane ili iwe ishara kwa wenye kujua. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tushuke mimbarini tukae barazani. Tunataka kuzungumzia maskhara, na hasa maskhara ya ndugu zetu Wasomali waliotawanyika duniani tangu ilipoanguka serikali ya Siad Barre mwezi wa Januari 1991. Wapo Minneapolis na Toronto, wapo London, Oslo na Stockholm, na wapo Dubai na Nairobi. Wale wa Cardiff waliwatangulia wote, kwani mabaharia wa Kisomali walianza kuweka makao katika bandari ile tangu karne ya 19.

Msomali huyaita maskhara ya namna hii "kaftan". Kwetu sisi kaftani ni vazi, na wala hatujasikia kuwa maneno hayo mawili yana udugu wowote. Lililo karibu nalo katika Kiswahili ni utani. Wana pia jina la wale wanaoshinda mkahawani wakibishana siasa za nchi wasiyoiona kwa miaka: "fadhi ku dirir", yaani kupigana vita huku umeketi. Sisi wenye vijiwe vya kahawa tumelielewa neno hilo bila ya mkalimani.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri tulialikwa chai katika mkahawa mmoja wa Eastleigh, mtaa ambao watu wa Nairobi wameuzoea kwa jina la Islii. Mezani alikuwapo mzee mmoja wa Garissa, mpwa wake aliyekuja likizo kutoka Toronto, kijana mwingine aliyekulia Norway, kijana wa hapo hapo Nairobi, na bwana wa makamo kutoka bonde la mto Juba ambaye alikuwa akinywa chai yake kimya kimya.

Mazungumzo yalianza na pasipoti. Kijana wa Norway aliitoa yake ili aonyeshe picha, na jicho la mwenzake likaangukia tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari. "Hongera," akasema wa Toronto, "hata mimi!" Kumbe mama yake naye ni 1 Januari, na baba yake, na wajomba zake. Jambo hili si uzushi. Wakimbizi wengi walifika ugenini bila ya cheti cha kuzaliwa, wakitoka katika jamii ya wafugaji ambayo mwaka hukumbukwa kwa ukame wake au kwa mvua zake, na karani aliyekuwa na fomu mkononi akajaza siku ya kwanza ya mwaka. Mzee akatikisa kichwa: "Basi usiku ule hapakuwa na mkunga aliyelala Somalia nzima!"

Kutoka hapo wakaingia katika majina. Msomali hana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na mke akiolewa habadilishi jina. Hayo yanaafikiana na mafundisho ya Suratul Ahzab aya ya 5, ambayo imeamrisha watu waitwe kwa baba zao. Lakini mwalimu wa Ulaya akitazama daftari lake huona baba ana jina la mwisho lake, mama ana lake na watoto wana la tatu, akadhani kuwa nyumba moja imepangwa na familia tatu.

Balaa lingine ni herufi. Kisomali kilipopewa maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, herufi c iliwekwa kwa sauti ya 'ayn na herufi x kwa sauti ya haa ile ya "Muhammad". Kwa hiyo Ali huandikwa Cali, na Hassan huandikwa Xasan. Yule wa Norway, mpole kama kondoo, aliitwa "Kali" na walimu wake kwa miaka tisa. Waswahili tuliokuwa pale tulicheka kuliko Wasomali wenyewe.

Kijana wa Nairobi hakuachwa. Wasomali wa Somalia wana jina la utani kwa ndugu zao wa Kenya: huwaita "Sijui". Inasemekana kuwa wakiulizwa swali hujibu kwa Kiswahili, "Sijui," na jibu likageuka kuwa jina. Nasi tumelipiza, kwani "waryaa" kwa Kisomali ni namna ya kumwita mwanamume, kama kusema "ewe bwana wee", na watu wa Kenya wakalishika neno hilo wakaliita kabila zima. Kila upande ulisikia neno moja tu kutoka kwa mwenzake, ukaona linatosha.

Hapa ndipo tunapopaswa kuitazama Suratul Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina ya kejeli, na aya ya 13 inaeleza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Je, Wasomali wote wamo makosani? Kwani hakuna watu wapendao majina ya utani kama wao: mrefu ni "Dheere", mfupi ni "Gaab", na Siad Barre mwenyewe nyuma ya mgongo wake aliitwa "Afweyne", yaani mdomo mkubwa. Mohamed Abdullahi Mohamed, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia 2017 hadi 2022, anajulikana zaidi kwa jina la Farmaajo, neno la Kiitalia lililosomalishwa lenye maana ya jibini.

Wanavyuoni wamelifafanua jambo hili vizuri. Imam Nawawi ameeleza kuwa mtu anaweza kutajwa kwa lakabu iliyomtambulisha kama haikusudiwi kumdunisha, na wapokezi wakubwa wa hadithi wamejulikana kwa lakabu kama hizo: al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na al-A'raj, mwenye kuchechemea. Linalotazamwa ni nia ya msemaji na moyo wa mwenye kuitwa. Farmaajo alilichukua jina lake mpaka kwenye kampeni. Si kila mtu yuko hivyo.

Wala tusidhani kuwa dini imekuja kukunja nyuso za watu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitania, ila hakusema katika utani wake isipokuwa kweli. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, naye akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume akamuuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Tulipoikumbusha hadithi hii pale mezani, mzee wa Garissa alifurahi mno. Kwa mfugaji wa ngamia hakuna mzaha mtamu kuliko huo.

Mpwa wake alikuwa na ugonjwa mwingine. Kila sentensi yake ya Kiingereza ilimalizikia kwa "wallahi". Chai ni moto, wallahi. Ndege ilichelewa, wallahi. Akatueleza kuwa Toronto neno hilo limetoka kwa Wasomali likaenea kwa vijana wa kila rangi, hata wasio Waislamu, na mtu asiposadikiwa huambiwa "sema wallahi". Tulicheka, lakini kwa nusu mdomo. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Maida aya ya 89 kuwa hatuchukulii kwa viapo vya upuuzi, na Bibi Aisha (R.A.) amefasiri kuwa hivyo ni kama mtu kusema katika mazungumzo yake "la wallahi" na "naam wallahi" bila ya kukusudia kuapa. Aya hiyo hiyo lakini inatutaka tuvihifadhi viapo vyetu, na imeweka kafara kwa aliyeapa kwa kukusudia kisha akakivunja kiapo chake: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Ama mwenye kulitumia jina la Mwenyezi Mungu kuufunika uongo anaoujua, huyo hamo katika upuuzi uliosamehewa. Kijana akasema ameelewa, wallahi. Mjomba wake akajishika kichwa.

Tumesema "mjomba", na hapa pana jambo linalofurahisha masikio ya Mswahili. Mjomba kwa Kisomali ni "abti", na mjomba naye humwita mpwa wake "abti". Mama humwita mwanawe "hooyo", yaani mama, na baba humwita mwanawe "aabbo", hata kama ni binti. Nasi humwambia mtoto mchanga "njoo baba" na "lala mama", kwa hiyo hatukupotea. Kijana wa Norway alitusimulia jinsi jirani zao walivyosikia mama wa nyumba akiwaita wanawe sita "hooyo", na baada ya kufahamishwa maana yake, wakazidi kuchanganyikiwa.

Mambo ya ndoa hayakukawia. Yule wa Nairobi ni kapera, na mzee ana binti. Swali la kwanza katika posa ya Kisomali ni la ukoo, na lina historia yake ya vichekesho. Katika miaka ya 1960, watu waliojiona wa kisasa waliona haya kuuliza kabila, wakawa wanauliza "zamani ulikuwa kabila gani?" kwa kutumia kijineno cha Kiingereza "ex", kana kwamba ukoo ni kazi mtu aliyostaafu. Siad Barre alipochukua madaraka mwaka 1969 alipiga marufuku hata hilo, akataka watu waitane "jaalle", yaani mwenzangu, badala ya "ina adeer", mwana wa ami. Marufuku ile haikuua ukoo. Kijana wa Nairobi alipoulizwa, alijibu: "Mimi reer Islii," yaani ukoo wangu ni mtaa huu. Mzee alipendezwa na jibu hilo hata akapiga meza kwa kiganja: "Basi nimekuoza binti yangu!"

Kijana akafungua kinywa ajibu. Bwana wa Juba, ambaye mpaka hapo hakusema neno, alinyanyuka akakiziba kinywa kile kwa mkono wake.

Alifanya vyema. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah kuwa mambo matatu kusudio lake ni kusudio na mzaha wake ni kusudio: ndoa, talaka na kumrejea mke. Walii alikuwapo, mposaji alikuwapo, mashahidi walikuwa wamejaa mkahawa mzima, na wanavyuoni walio wengi hawasikilizi udhuru wa "nilikuwa nikitania". Tunawajua watu waliosema neno la talaka kwa kicheko mbele ya marafiki, wakarudi nyumbani na kilio. Mzee alitoka jasho, akamshukuru bwana yule mara tatu.

Na ilikuwa kwa bwana huyo huyo ndipo maskhara yalipoharibika. Kijana wa Toronto, akitaka kumsifu kwa wepesi wake, alimwita "jareer". Alilisikia neno hilo nyumbani kwao Canada kutoka kwa wakubwa, akajua kuwa maana yake ni nywele ngumu, akadhani ni kama "Dheere" na "Gaab". Bwana aliweka kikombe chini, akalipa chai yake, akatoka.

Msomaji wa Tanga huenda akawajua watu hawa. Wengi wa Wabantu wa bonde la Juba ni wajukuu wa waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na wapo miongoni mwao wanaozungumza Kizigua mpaka sasa. Vita vilipowafukuza, Tanzania iliwapa makao Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapewa uraia katika nchi ya mababu zao. Marekani iliwapokea zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 2003. Waislamu wenzao waliwanyima mabinti kwa ajili ya neno lile lile ambalo kijana alilitamka akicheka.

Katika Sahihi ya Bukhari, Abu Dharr (R.A.) amesimulia kuwa alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake, na wanavyuoni wengi wamemtaja mtu huyo kuwa ni Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake mna ujahilia. Huyo ni sahaba mkubwa, na maneno hayo aliambiwa waziwazi.

"Abti, nimesema nini?" kijana akauliza. Mzee akamweleza kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, kisha, ili asibakishe mwanya, kwa Kiingereza chake cha Garissa. Kijana alinyamaza muda mrefu, na safari hii hakuapa.

Baada ya Magharibi tuliongozana naye hadi chumba alichopanga yule bwana, orofa ya tatu. Kijana alikuwa ameyakariri maneno ya kuomba radhi kwa Kisomali, akayasema vibaya, akayarudia. Bwana alimtazama, akatuambia tuingie, kisha akamtaka amhesabie babu zake, kama mtoto wa Kisomali anavyofundishwa tangu utotoni. Kijana akaanza vizuri: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa wa nne alikwama, akamtazama mjomba wake, na mjomba akatazama dari.

"Sijui," akasema, kwa Kiswahili.

Bwana wa Juba akacheka mpaka akalazimika kuliweka chini birika la chai.