Wamakonde na Wadigo: ujirani uliotangulia kipande

Vijana wa hapa Kikoneni huniuliza: hawa Wamakonde ni watu wa wapi, na mbona wengine wanasema Kidigo kama sisi wenyewe? Ni swali zuri, na jibu lake linatuhusu sote.

Asili yao ni kaskazini ya Msumbiji, nyanda za juu za Mueda. Huko Mreno alikuwa akiwatumikisha watu kwa nguvu na kuwatoza kodi nzito. Zama hizo za ukoloni, mashamba ya mkonge na ya miwa huku pwani yalitaka vibarua, Ramisi ikiwa mojawapo. Wamakonde wakaja kwa mkataba, wakakaa Makongeni, Gazi na vijiji vya jirani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa panga siku ya kwanza.

Mwanzoni Wadigo waliwaogopa. Chale za usoni zilizusha hadithi za kutisha, na dini ilikuwa mbali. Lakini kazi moja na soko moja huzoesha watu. Kiswahili kikawa daraja. Kisha pana jambo ambalo wengi hawalijui: Wadigo na Wamakonde, kwa mila za kale, wote walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Basi walipoanza kuoana, wazee walielewana bila mkalimani.

Kenya ilipopata uhuru 1963, hawakuhesabiwa. Kwao nako vita vya ukombozi vilianza 1964, na Msumbiji haikupata uhuru hadi 1975. Wakabaki hapa, si wa huku wala wa kule. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti wala kupata hatimiliki. Ndipo jirani Mdigo akawa mlango: laini kwa jina lake, mtoto kaandikishwa kwa jina lake, shamba kwa jina lake.

Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na sasa wanaitwa kabila la 43. Njia hiyo hiyo waliifuata Wapemba, waliotambuliwa 2023.

Tatizo ni kwamba kipande si shamba. Ardhi iliyonunuliwa kwa jina la jirani ingali kwa jina la jirani, na wazee walioshikana mikono wanakufa mmoja mmoja. Mtoto wa Mdigo anafungua sanduku la marehemu babake, anakuta karatasi ina jina la babake, naye hajui habari ya pesa zilizotoka kwa Mmakonde. Hapo ujirani wa miaka mingi unaweza kuishia mahakamani.

Sisi Waislamu tunajua neno la hili: amana. Mali ya mtu uliyoishika si urithi wa wanao. Kwa hivyo, mzee wangu, ikiwa una shamba la jirani kwa jina lako, mwite yeye, waite wanao na mzee wa kijiji, andikeni, kisha mwende ofisi ya ardhi mkabadilishe jina. Fanya hivyo ungali hai, maana karatasi ile haitakusemea ukishazikwa.