Kukarabati Picha au Kuibuni? Suala la Istilahi

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri siku hizi ni hili: kazi ya kutengeneza picha kuukuu kwa kompyuta iitweje kwa Kiswahili? Wengi wamekwisha kuchagua neno ukarabati. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo limebebeshwa dhana tatu zisizolingana, na kwamba kuzichanganya kuna madhara.

Yafaa kwanza tutazame jinsi picha inavyoharibika. Picha nyingi za zamani zisizo za rangi ni chembe za madini ya fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, kitu kitokanacho na ngozi na mifupa ya wanyama. Penye unyevu mwingi, kama pwani yetu, kuvu hujilisha jelatini hiyo. Nazo chembe za fedha zikishambuliwa na hewa yenye salfa hupauka na kugeuka hudhurungi. Picha za rangi zina maradhi yake: rangi zake hazififii kwa kasi moja, ndiyo maana picha nyingi za arusi za miaka ya 1970 leo zimebaki wekundu.

Skana huisoma picha nukta kwa nukta na kuipa kila nukta tarakimu. Kwa kawaida 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe kabisa. Tuseme picha iliyopauka ina tarakimu zilizosongamana baina ya 110 na 180. Fundi akizitandaza zienee tena tangu 0 hadi 255, sura iliyokuwa haionekani vema hujitokeza. Hapa hapajaongezwa kitu, kilichokuwamo kimedhihirishwa. Dhana hii tunapendekeza iitwe kurejesha. (Kusafisha lingekuwa neno zuri, lakini wapiga picha wetu wamelitumia tangu zamani kwa kazi ya kutoa picha katika filamu, na si busara kuwanyang'anya.)

Dhana ya pili ni pale mkwaruzo au tundu linapofunikwa kwa nukta zilizonakiliwa kutoka sehemu ya jirani: ukuta kwa ukuta, anga kwa anga. Mafundi cherehani wamekwisha kutupa neno: kutia kiraka. Baadhi ya wenzangu huliona duni kwa matumizi ya kitaaluma. Siafikiani nao. Asemaye kiraka amekwisha kukiri kwamba kitambaa cha asili hapo hakipo, na ukiri huo ndio tuutakao.

Dhana ya tatu ndiyo yenye hatari. Zipo programu zilizofunzwa kwa picha nyingi mno za nyuso za watu wengine, nazo huujaza uso uliopotea kwa kukisia. Niliwahi kupeleka dukani picha ya babu yangu, iliyoliwa na kuvu upande mmoja. Ilirudi inang'aa, babu ana macho mawili. Babu alikuwa chongo tangu utotoni. Bibi aliitazama kitambo, akauliza, "Huyu nani?" Mwenye duka aliita kazi ile ukarabati, nami, afisa istilahi, sikuwa na neno la kumpinga.

Hayo ni ya nyumbani. Aprili 2021 chombo kimoja cha habari kilichapisha picha za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng nchini Kambodia, ambao wengi wao waliuawa chini ya utawala wa Khmer Rouge. Zilitolewa kama picha zilizotiwa rangi tu. Kumbe baadhi ya nyuso zilikuwa zimetiwa tabasamu. Wizara ya Utamaduni ya Kambodia ilidai ziondolewe, zikaondolewa. Kitendo cha namna hii, kifanywe na mkono au na mashine, hatuoni kistahili jina jingine ila kubuni.

Nyumba ikikarabatiwa huwekwa mlango mpya na hakuna alalamikaye, kwa kuwa nyumba hupimwa kwa kukaliwa. Picha ni ushahidi. Kwa hiyo ukarabati ubaki kuwa jina la jumla la kazi yote, na maelezo yaandikwayo chini ya picha, kitabuni au katika jalada la ofisi, yataje kitendo chenyewe: "Picha hii imerejeshwa, kona ya kushoto imetiwa kiraka." Palipobuniwa paandikwe hivyo hivyo, "uso umebuniwa", na nakala ya kwanza iliyotoka katika skana ihifadhiwe pamoja nayo bila kuguswa.