Makovu ya Mwezi na Jiwe la Mbozi

Mtu akisimama Mchikichini baada ya magharibi, saa ile wachuuzi wa mitumba wa soko la Karume wanapofunga marobota yao, akatazama juu kati ya nyaya za umeme na mapaa ya Ilala, huuona mwezi uleule uliotazamwa na manahodha waliotia nanga Kilwa karne saba zilizopita. Wengi wetu huutazama kwa dhati mara mbili tu kwa mwaka: usiku wa kuamkia Ramadhani, na usiku wa kuamkia Idi. Tukishapata habari kwamba umeandama, basi shughuli yetu nao imekwisha. Leo tunapenda kuzungumzia uso wa mwezi huo, wenye makovu tele, kwa sababu makovu hayo yanaihusu ardhi yetu kuliko inavyodhaniwa, na zipo ofisi kadhaa za Serikali ambazo nazo zinahusika.

Siku chache zilizopita, barazani, mzee mmoja muuza kahawa alituuliza hivi: "Wanangu, hao waliokwenda Mwezini, walihesabu Ngorongoro ngapi huko?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali la mzee huyo ndilo lililowashughulisha wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia tatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walilijibu kwa makosa.

Galileo wa Italia alielekeza darubini yake kwenye Mwezi mwaka 1609, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba uso wake si laini kama kioo, bali una milima na mashimo ya duara. Mashimo hayo yalipata jina la Kigiriki lenye maana ya bakuli, nasi tumelipokea kwa sura ya kreta. Tangu hapo swali likawa moja: nani aliyeyachimba? Wengi walijibu kwa kutazama kile walichokijua duniani. Duniani walijua midomo ya volkano, yaani kasoko, kama ile iliyopo kileleni Kibo au juu ya Oldoinyo Lengai. Wakahukumu kwamba Mwezi nao ulikuwa na volkano kwa maelfu, na kwamba zote zimezimika.

Hapa yafaa tuieleze Ngorongoro sawasawa, kwa sababu ndiyo inayotajwa vitabuni na kwenye vibao vya barabarani kwa jina la kreta. Bakuli lile lenye upana wa karibu kilomita 19, na kuta zinazofikia mita 600 hivi, halikuchimbwa na kitu kilichotoka juu. Palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Tumbo la mlima huo lilipomwaga uji wa moto uliokuwa ndani yake, paa likakosa nguzo, likaporomoka ndani, zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Ni nyumba iliyoangukia ndani yake yenyewe. Kreta za Mwezini, karibu zote, zina asili iliyo kinyume kabisa: kitu kilitoka nje kwa kasi kikapiga. Lugha yetu inayo maneno ya kutosha kutenganisha mambo hayo mawili. Neno kasoko lipo, neno kimondo lipo, na neno kreta tumeshalizoea. Kinachokosekana ni uangalifu wa kuyatumia. Mtoto anayefundishwa kwamba Ngorongoro na shimo la Mwezini ni kitu kimoja, kwa kuwa tu yameitwa kwa neno moja, amenyimwa nusu ya somo.

Ukweli ulichelewa kwa sababu moja inayoeleweka. Kama mashimo yangechimbwa na mawe yanayoanguka, walisema wapinzani, basi mengi yangekuwa marefu kama alama ya jembe, kwani mawe mengi huja kwa mshazari. Mbona karibu yote ni ya duara? Jibu lilikuja pale ilipofahamika mwendo wa mawe hayo. Jiwe la angani huweza kufika kwa kasi ya kilomita 20 kwa kila sekunde, yaani sawa na kutoka Dar es Salaam hadi mjini Unguja kwa sekunde nne tu. Kwa kasi hiyo jiwe halichimbi. Hulipuka. Nalo bomu, liangukapo kwa mshazari au wima, huacha shimo la duara.

Katika jimbo la Arizona, Marekani, kuna shimo lenye upana wa kilomita 1.2 hivi. Mwanajiolojia mashuhuri, Grove Karl Gilbert, alilichunguza mwaka 1891, akakata shauri kwamba lilitokana na mlipuko wa mvuke wa volkano. Ajabu ni kwamba bwana huyo huyo, baada ya kuutazama Mwezi kwa darubini, aliandika kwamba mashimo ya kule yalisababishwa na mapigo ya mawe. Alipatia mbali, akakosea karibu! Ilibidi kungoja hadi mwaka 1960, Eugene Shoemaker na wenzake walipothibitisha kuwamo katika shimo la Arizona kwa aina ya madini ya mchanga ambayo huzaliwa kwa kishindo kikubwa mno, kishindo ambacho mlima wa volkano hauna uwezo wa kukitoa.

Basi kreta si pambo la Mwezi. Ni kalenda yake. Wakazi wa Mchikichini wataielewa kalenda hiyo upesi kuliko watu wa nchi zenye lami kila mahali. Barabara ya vumbi iliyopitishwa greda juma lililopita haina mashimo mengi. Ile ambayo haijaguswa tangu mvua za masika ya mwaka juzi ina shimo juu ya shimo. Mgeni asiyejua habari za mtaa anaweza kuhesabu mashimo akasema ipi ilitengenezwa kwanza. Wataalamu hufanya vivyo hivyo. Sehemu nyeupe za Mwezi zimejaa kreta hadi hazina nafasi, kwa hiyo ni kongwe. Yale madoa meusi tunayoyaona kwa macho, ambayo ni tambarare za uji wa moto ulioganda, yana kreta chache, kwa hiyo ni ya baadaye. Safari za Apollo, kati ya mwaka 1969 na 1972, zilileta duniani kilo 382 za mawe na udongo. Umri wa mawe hayo ulipopimwa maabara, kalenda ikapata tarehe: yale madoa meusi, mengi yake, yana miaka zaidi ya bilioni tatu. Kwa kipimo hicho hicho leo hukadiriwa umri wa mabonde ya Mirihi na wa uso wa Utaridi, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuokota jiwe akarudi nalo.

Kreta za Mwezini zenye upana wa kilomita moja na zaidi zimehesabiwa zikapita milioni moja. Duniani zilizothibitishwa ni 200 hivi. Si kwamba Dunia ilihurumiwa. Ilipigwa kama jirani yake, ila mvua, mito, bahari, mimea na mwendo wa mabara yenyewe vimezifuta alama.

Tanzania imo katika habari hii kwa jiwe moja kubwa, na ni vizuri visiwani nako lijulikane. Katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa mpya wa Songwe, kipo kimondo cha chuma chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Vitabu vya kikoloni huandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyetoka Johannesburg. Sisi tunalikataa neno hilo. Wenyeji walikijua kabla yake, na ni wao walioishi nacho. Alichofanya mgeni huyo ni kukiandikisha. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo ofisa wa idara ya jiolojia alikata kipande cha inchi nne pembeni mwake kwa msumeno wa chuma, na kazi hiyo ikamchukua saa kumi. Kilipochunguzwa kilionekana kuwa chuma kwa asilimia 90 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli.

Lakini kreta yake iko wapi? Haipo. Walipochimba kukizunguka hawakukuta bakuli. Kimondo cha Hoba kule Namibia, chenye tani 60 hivi na kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani, nacho hakina kreta. Wataalamu hueleza kwamba jiwe la ukubwa huo huweza kupunguzwa kasi na hewa hata likatua badala ya kulipuka. Na shimo dogo likiwapo, mvua za maelfu ya miaka hulijaza. Kwamba wenyeji wa Mbozi hawana hadithi ya siku kilipoanguka ni dalili kuwa kilianguka zamani sana, kwani kishindo kama hicho hakisahauliki kwa vizazi vichache. Kwa bahati nzuri leo kinalindwa, na dhamana yake imekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Hivyo walinzi wa kasoko kubwa kuliko zote nchini ndio pia walinzi wa jiwe lisilo na kreta. Ni fursa ya kufundisha tofauti ya vitu hivyo viwili, na tungependa kuona vibao vya mahali pote pawili vikiieleza kwa Kiswahili fasaha.

Je, hakuna kreta ya kimondo katika nchi zetu? Katika Katanga, Kongo ya mashariki-kusini, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, kuna duara la vilima liitwalo Luizi, lenye upana wa kilomita 17. Ilipofika mwaka 2011 ndipo ilipothibitishwa kwamba ni kovu la kimondo, baada ya wataalamu kufika kwa miguu na kuokota mawe yenye michirizi ya kishindo. Duara hilo halikuwa limejificha. Lilikuwa kwenye ramani. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama. Tanzania bado haina kreta ya kimondo iliyothibitishwa. Tunaamini hilo linatokana na uchache wa waliotumwa kutafuta kuliko uchache wa mawe yaliyoanguka. Idara zinazohusika na jiolojia hutuma wataalamu kutafuta dhahabu, gesi na makaa, na hatusemi kwamba wanakosea. Lakini picha za satelaiti siku hizi hazina gharama kubwa, na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu akipewa nauli na posho ya miezi mitatu anaweza kulikagua duara linalotiliwa shaka.

Wasomaji wetu wa Unguja wanayo sababu yao wenyewe ya kulifuatilia jambo hili. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujengwa kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani, na kikajengwa Tunguu. John Glenn alipoizunguka Dunia tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Wananchi wengi hawakukitaka kituo hicho. Waliona kinakigeuza kisiwa chao kuwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa, tena kwa mkataba ambao hawakuulizwa. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1964, Serikali iliamuru kiondolewe. Tunaona uamuzi huo ulikuwa haki ya nchi huru. Hata hivyo habari ya Tunguu husimuliwa kama habari ya siasa peke yake, ilhali ni pia hatua mojawapo katika njia iliyowafikisha watu kwenye kreta za Mwezini miaka mitano baadaye. Mtoto wa Tunguu anastahili kusomeshwa sehemu zote mbili.

Tumalizie na majina. Mtindo wa kuziita kreta za Mwezini kwa majina ya wanazuoni ulienezwa na padri Riccioli mwaka 1651, naye hakuwasahau mabingwa wa falaki wa Kiislamu: al-Battani yupo, al-Farghani yupo, Thabit bin Qurra yupo, ingawa wote kwa matamshi ya Kilatini ambayo mwalimu wetu wa chuoni asingeyatambua. Siku hizi majina hupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Falaki. Kwa njia hiyo Kipini, mji mdogo kwenye mdomo wa mto Tana, upande ambao wenyeji huonyesha kaburi la Liyongo, umepata kreta yake Mirihi; na Umm Kulthum, ambaye sauti yake mashabiki wa taarabu visiwani hawahitaji kuelezwa, anayo yake Utaridi tangu mwaka 2015. Yeyote anaweza kupendekeza kupitia wataalamu. Hatuoni kwa nini Baraza la Kiswahili na vyuo vyetu visikae pamoja kuandaa orodha ya washairi na mafundi wetu, na ya miji midogo ya pwani na visiwa, ikawa tayari wakati kreta mpya zinapotafutiwa majina.

Mwezini kwenyewe wapo wageni wawili waliofika pwani yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu kwa uzuri wa majengo na akamsifu sultani wake kwa ukarimu; amepewa kreta ya kilomita 11 hivi. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akatoza kodi kwa kutishia mizinga. Amepewa yenye zaidi ya kilomita 80. Ya Ibn Battuta imo katika doa jeusi upande wa mashariki, nayo huonekana kwa darubini ndogo usiku wa nne au wa tano baada ya mwezi kuandama. Ya da Gama iko ukingoni kabisa upande wa magharibi, na anayetaka kuitazama atangoje hadi mwezi uwe karibu kupevuka.