Madeni na Sheria: Aliyelemewa Afanye Nini?

Barua ya kwanza hufika siku ya soko. Mwenye shamba huisoma, huikunja na kuitia nyuma ya saa ya ukutani, wala hamwambii mkewe. Ya pili huwekwa papo hapo. Mwishowe huja dalali wa mahakama na lori lake, akaanza kuandika orodha ya viti, baiskeli na ng'ombe. Kukopa si kosa la mtu huyu, kwani ni nani kati ya wakulima na makarani asiyekopa? Kosa lake ni zile siku alizozipoteza.

Siku hizo zina hesabu. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile sheria ya zamani iliyoitwa Sura ya 53, humpa mdeni siku 21 tangu apokee hati rasmi ya madai. Katika muda huo aweza kulipa, au kupatana na mdai wake, au kuiomba mahakama iitangue hati ikiwa deni lenyewe lina ubishi wa haki. Zikipita bure, na deni likiwa limefika Shs. 250,000/-, mdai aweza kwenda Mahakama Kuu kuomba mdeni atangazwe kuwa muflisi.

Neno hilo huwatisha watu, na kwa sehemu wana haki ya kuogopa. Mali ya muflisi hushikwa na msimamizi ili wadai wagawiwe, ingawa huachiwa vyombo vya kazi na vya nyumbani kwa kiasi chake. Jina lake huandikwa katika daftari ambalo yeyote aweza kulitazama. Hawezi kufanya biashara wala kusafiri nchi za nje bila ruhusa, wala kuchaguliwa Bungeni. Hata hivyo jambo hili lina mwisho: miaka 3 baada ya kutoa taarifa kamili ya mali na madeni yake, hufunguliwa kwa sheria, isipokuwa mtu akipinga kwa sababu zinazokubaliwa.

Tena si lazima kila mdeni afikie hapo. Karani mwenye mshahara aweza kumwomba Msimamizi Rasmi wa Ufilisi, ambaye ni afisa wa Serikali, amtolee amri ya kulipa kwa mafungu. Amri hiyo ikiwapo, wadai hawawezi kumfuata mmoja mmoja bila ruhusa. Mfanyabiashara mwenye wadai wengi aweza kuwapelekea shauri la mapatano kwa mkono wa msimamizi mwenye leseni. Wakikubali kwa kura, shauri huwafunga.

Kwa maskini kabisa iko njia ambayo wengi hawaijui. Asiye na mali ya kuuzwa wala njia ya kulipa, mwenye madeni yasiyopungua Shs. 100,000/- wala kuzidi Shs. 4,000,000/-, ambaye hajapata kuwa muflisi, aweza kuomba apokewe katika utaratibu wa wasio na mali. Hapana haja ya kwenda mahakamani; maombi hupelekwa kwa Msimamizi Rasmi. Miezi 12 ikipita salama, madeni yanayohusika hufutwa. Njia hii hupatikana mara moja tu maishani, na aliyeficha ng'ombe kwa shemeji yake asijaribu, maana akigunduliwa huondolewa.

Sasa yapo mambo mawili ambayo msamaha huu hauyagusi, na hapo ndipo watu huumia. La kwanza ni shamba lililowekwa rehani. Benki yenye rehani hubaki na haki yake ya kuliuza, hata mwenyewe akiwa muflisi. La pili ni wadhamini. Mtu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo kwa sahihi za rafiki zake watatu, akafunguliwa yeye, hao watatu hawakufunguliwa. Chama chaweza kuwadai mpaka shilingi ya mwisho. Basi yafaa awaendee mapema na kuwaambia kweli, ingawa ni safari ngumu kuliko ya kwenda kwa wakili.

Kuhusu wakili mwenyewe, asichukuliwe yule anayeletwa na mtu wa kusimama mlangoni pa mahakama. Kila wakili hupaswa kuwa na cheti cha kazi cha mwaka ule, na Chama cha Mawakili cha Kenya huonyesha majina ya walio nacho. Aulizwe amewahi kushika mashauri mangapi ya ufilisi, kwa kuwa aliye hodari wa kesi za mipaka ya mashamba huenda hajashika hata moja. Malipo yaandikwe, na kila shilingi itolewe stakabadhi. Pengine hesabu ndiyo iliyoharibika kuliko sheria. Hapo msimamizi wa ufilisi mwenye leseni, ambaye mara nyingi ni mhasibu, atafaa zaidi.

Asiye na fedha za wakili aweza kuiendea Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, au Kituo cha Sheria, kilichoanza kuwasaidia watu mwaka 1973. Achukue hati ya shamba, karatasi za mshahara, orodha ya wadai wote pamoja na jamaa waliomkopesha, na zile barua za nyuma ya saa.